Monita Inayojizima: Hesabu Sekunde Kabla ya Kushika Bisibisi

Monita ikianza kujizima, wengi huipiga kofi ubavuni, kisha hubadilisha waya wa umeme, kisha huitupa stoo. Kabla ya yote hayo nakuomba ufanye jambo moja. Chukua simu, fungua saa ya kuhesabia muda, washa monita na uandike imekaa kwa muda gani kabla ya kuzima. Sekunde 2? Dakika 10 kamili? Dakika 23 leo na 40 jana? Muda huo, pamoja na hali ya kile kitaa kidogo cha kwenye swichi, ndio utakaokuonyesha ugonjwa uko upande gani. Nimeona watu wakinunua bodi nzima kwa kukosa kuhesabu tu.

Monita ninazozizungumzia ni zile bapa za inchi 15 hadi 22 zilizotengenezwa kati ya miaka ya 2002 na 2010 hivi. Ndizo zilizojaa kwenye maduka ya steshenari, maabara za shule na ofisi ndogondogo, nyingi zikiwa zimeingia kama mtumba. Mwanga wake hautoki kwenye LED bali kwenye mirija myembamba ya gesi iliyofichwa nyuma ya kioo, na mirija hiyo inahitaji umeme mkubwa kuwaka. Ukilielewa hilo, nusu ya kazi umeshaimaliza.

Monita ya chogo usiifungue kwa mwongozo huu. Bomba lake la picha hubeba volti 20,000 na zaidi, na linaweza kuutunza umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa. Hiyo mpelekee fundi aliyezizoea.

Anza na vitu vya nje

Ikizima kwa dakika zilezile kila mara, 10 au 15 au 20, na ikarudi ukigusa mausi, monita ni nzima. Kompyuta ndiyo inayoiambia ilale. Fungua mipangilio ya umeme ya kompyuta na urefushe muda wa kuzima skrini, halafu pitia na menyu ya monita yenyewe, kwa sababu baadhi zina kipima muda chake.

Kisha chomoa kebo ya picha kutoka nyuma ya monita na uiwashe ikiwa peke yake. Monita nzima itaonyesha ujumbe kwamba haipati picha, itakaa nao kwa sekunde kadhaa, halafu kitaa kitabadilika rangi au kuanza kupepesa. Hiyo ni tabia yake ya kawaida. Kama bila kebo inakaa vizuri na matatizo huanza ukiirudisha, angalia pini 15 za plagi ya bluu. Pini moja iliyopinda, au skrubu mbili za pembeni ambazo hakuna aliyewahi kuzikaza, zinatosha kuifanya monita ilale kila meza ikitikiswa.

Umeme wa kushuka huwa unalaumiwa bure. Soma kibandiko cha nyuma: nyingi ya monita hizi zimeandikwa volti 100 hadi 240, kwa hiyo 190 ya saa moja jioni haizisumbui. Kinachozisumbua ni plagi iliyolegea, upande wa ukutani au ule unaoingia nyuma ya monita. Tumia waya mwingine, soketi nyingine, bila ekstensheni. Ikibaki vilevile, ugonjwa uko ndani.

Soma muda na kitaa

Picha ikatokea safi, ikakaa sekunde 1 au 2, kisha giza huku kitaa kikibaki kimewaka kama kawaida, jua kwamba kompyuta na monita bado zinaelewana. Kilichozima ni mwanga tu. Hakikisha kwa tochi: zima taa za chumbani, imulike skrini kwa pembeni kutoka karibu, na utafute alama za madirisha au maandishi. Ukiona picha hafifu mle gizani, shida iko kwenye inveta, yaani sehemu inayopandisha umeme wa mirija, au kwenye mirija yenyewe, au kwenye kapasita, yaani vile vipipa vya kutunza umeme, zinazoilisha inveta. Huu ndio ugonjwa ninaokutana nao kuliko mwingine wowote.

Kitaa nacho kikizima, au kikipepesa haraka bila picha kutokea kabisa, tatizo liko kwenye sehemu ya kupokea umeme.

Ikikaa dakika 5 hadi 40 kisha ikazima, ikagoma kuwaka mpaka ipumzike, hapo ni joto. Kuna kitu kinachopanuka au kudhoofika kikipata moto: kapasita, kiungo cha risasi ya kulehemu kilichopasuka, au transfoma ya inveta. Kinyume chake pia kipo, na ni dalili nzuri sana kwa fundi: monita inayogoma asubuhi, ukiiwasha na kuizima mara kumi ikakubali, kisha ikashinda inafanya kazi mpaka jioni. Hiyo ni kapasita iliyokauka, karibu bila shaka.

Kuna jaribio moja zaidi lisilohitaji kufungua. Katika zile sekunde chache za uhai, ingia kwenye menyu na ushushe mwanga hadi robo. Ukilazimika kuwasha na kuzima mara nne ili ufike kwenye menyu, vumilia. Ikianza kudumu muda mrefu zaidi, basi inveta inakosa nguvu ya kutosha, na mshukiwa wa kwanza ni kapasita.

Mama mmoja wa steshenari, Temeke, aliniletea ya inchi 17 akasema, "Fundi, hii inaniaga kila nikiiwasha." Aliishi nayo miezi miwili akichapa barua za watu kwa kubonyeza swichi kila baada ya sekunde mbili. Alishaambiwa kwingine kwamba kioo kimekufa. Kioo hakikuwa na neno. Ndani kulikuwa na kapasita tatu zilizovimba, na nikazibadilisha jioni ileile.

Kufungua kwa usalama

Chomoa plagi ukutani na uache monita ikae angalau dakika 10. Vua pete na saa ya chuma. Ilaze kifudifudi juu ya kitambaa laini, ondoa mguu, toa skrubu za nyuma. Fremu ya mbele imeshikwa na vikucha vya plastiki. Ingiza kadi ya zamani ya benki kwenye ufa wa chini na utembee nayo taratibu kuzunguka. Bisibisi bapa itafanya kazi hiyo haraka na itaacha makovu, na ikiteleza itapasua kioo.

Piga picha kabla ya kuchomoa chochote. Piga waya za vitufe, kebo pana inayokwenda kwenye kioo, na zile plagi ndogo zenye waya mbili mbili za mirija, mara nyingi pinki na nyeupe au bluu na nyeupe. Ya inchi 17 huwa na mirija 2 au 4, ya inchi 19 huwa na 4.

Ukiondoa bamba la chuma utakuta bodi mbili. Ndogo ni ya picha. Kubwa ndiyo inayopokea umeme wa ukutani, na mara nyingi inveta iko humohumo. Juu yake kuna pipa moja kubwa kuliko mengine yote, limeandikwa volti 400 au 450. Hilo liheshimu. Umeme wa volti 230 ukishanyooshwa hufika volti 325 ndani ya pipa hilo, na kwenye bodi mbovu unaweza kubaki humo hata plagi ikiwa mkononi mwako. Lipime kwenye miguu yake miwili kwa mita iliyowekwa upande wa umeme mnyoofu (DC). Ukikuta zaidi ya volti 10, lipunguze kwa rezista (kipande kinachozuia umeme) ya kilo-omu 10 ya wati 5 uliyoifunga kwenye waya mbili zenye ngozi, ushikilie sekunde 10, kisha upime tena. Balbu ya zamani ya uzi, ya volti 230, nayo inafaa. Wapo wanaoligusisha miguu kwa bisibisi. Mlipuko ule huchoma njia za bodi, na huweza kukurushia vipande vya chuma machoni.

Kapasita, mahali pa kuanzia

Sasa tazama mapipa madogo upande wa pili wa transfoma kubwa. Mengi ni ya mikrofaradi 470 hadi 1,000, volti 16 au 25. Kichwa cha kapasita nzima ni bapa kama sarafu. Kilichotuna, hata kidogo, ni mgonjwa. Pitisha kidole juu ya vichwa, kwa sababu kidole hugundua uvimbe ambao jicho limeukosa. Angalia pia chini: nyingine husukuma kizibo cha mpira na kusimama zimeinama, au huvuja maji ya kahawia yanayofanana na gundi. Gundi ya kiwandani ipo kweli kwenye bodi nyingi, lakini hiyo hutanda pembeni ya kapasita, haitoki kichwani.

Kwa nini zife hizi na si nyingine? Ndani yake kuna maji ya kemikali, na joto huyakausha. Kapasita ya kawaida ya nyuzi 105 hupewa umri wa saa 2,000 kwenye joto hilo, na kila joto likipungua nyuzi 10 umri huongezeka maradufu. Ikiishi kwenye nyuzi 65 itafika saa 32,000, yaani karibu miaka 11 ukiitumia saa 8 kwa siku. Ipandishe hadi nyuzi 75, na ndani ya kasha lisilo na feni kwenye chumba cha Dar mwezi wa Februari hilo ni jambo jepesi, inashuka hadi saa 16,000: miaka mitano na nusu. Ongeza kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 viwanda kadhaa vilitoa kapasita zenye maji mabovu yaliyozalisha gesi, na utaelewa kwa nini monita za kizazi hicho zinaumwa ugonjwa mmoja.

Na kwa nini kapasita izime mwanga baada ya sekunde 2 badala ya kuizima monita yote? Mirija inapowashwa, inveta hudai umeme mwingi kwa ghafla ili iirushie volti zaidi ya 1,000. Kapasita iliyokauka haiwezi kuutoa kwa kasi hiyo, volti zinayumba, mwanga wa mirija unayumba. Kuna chipu inayoilinda inveta ambayo kazi yake ni kuangalia kama kila mrija unapitisha umeme sawasawa. Ikiona mmoja umezubaa kwa sekunde moja au mbili, hukata yote. Haiwezi kujua kama kosa ni la mrija au la kapasita.

Kama hakuna iliyovimba, usizisamehe bado. Jaribu kwa joto: monita ikiwa imechomolewa na ikiwa baridi, zipashe kapasita hizo kwa mashine ya kukaushia nywele kwa dakika 2, rudisha bamba, washa. Kama sasa inakaa, umezipata. Mita yenye kipimo cha kapasita nayo husaidia, mradi umeng'oa kapasita kwanza. Ila inaweza kusoma mikrofaradi 900 kwenye ya 1,000 na bado ikawa mbovu, kwa sababu ugonjwa wake hasa ni upinzani wa ndani. Anayemiliki mita ya upinzani huo aitumie: nzima husoma sehemu ndogo ya omu, na ikikaribia omu 1 haina kazi tena.

Dukani, taja mambo manne. Mikrofaradi zilezile, au kubwa kidogo tu. Volti sawa au zaidi: penye 16 mimi huweka 25, kwa sababu njia ile mara nyingi hubeba volti 12 hadi 15 na nafasi ya pumzi ni ndogo. Nyuzi 105, si 85. Na aina yenye upinzani mdogo wa ndani, ile ya bodi za kupokea umeme. Chukua zako za zamani mfukoni ulinganishe unene na urefu, maana ndefu mno itagusa bamba. Usinunue zilizong'olewa kwenye bodi nyingine hata ukipewa kwa bei ya bure. Nimejuta kwa hilo: monita ilirudi baada ya wiki tano, na mwenye monita alikuwa na haki ya kukasirika.

Badilisha zote za upande huo kwa pamoja, pamoja na zile zinazoonekana nzima. Zimeishi kwenye joto moja.

Kung'oa: bodi nyingi za baada ya 2006 zina risasi ya kiwandani isiyoyeyuka kirahisi, inayohitaji nyuzi 217 na zaidi, wakati ile yetu ya kawaida yenye madini ya risasi huyeyuka kwenye 183. Dawa ni kuongeza kidogo ya kwetu juu ya ile ya kiwandani ichanganyike, kisha chuma cha kulehemu kikiwa kwenye nyuzi 350 hivi, pasha mguu mmoja huku ukiilaza kapasita upande, kisha mguu wa pili. Ukivuta kwa nguvu utang'oa na njia ya shaba. Safisha tundu, angalia picha yako, na uweke mpya kwa mwelekeo uleule: mstari wa pembeni ya kapasita ni upande wa hasi. Alama za kwenye bodi hazifanani kwa watengenezaji wote, ndiyo maana nilikuomba upige picha. Ukiigeuza, italipuka.

Kapasita mpya, na bado sekunde 2

Hapo ndipo mirija na transfoma zinapoingia. Monita ikiwa imechomolewa, pima kwa omu nyuzi za shaba za upande wa volti kubwa wa kila transfoma ya inveta, zile pini zinazokwenda kwenye plagi za mirija. Namba yenyewe si muhimu, ni mamia ya omu au zaidi kidogo ya 1,000. Muhimu ni zilingane. Moja ikisoma 820 na mwenziwe 815, sawa. Moja ikisoma 820 na nyingine 600, au ikakataa kusoma, umemkamata.

Mrija mbovu hujitambulisha kwa rangi: mwanga wa waridi au wekundu unapowashwa, upande mmoja wa skrini kuwa hafifu, ncha nyeusi kama makaa ukiutoa. Angalia pia plagi zake kama plastiki imeungua. Njia ya uhakika ni kuchomeka mrija mzima uliotoka kwenye kioo kilichopasuka, kwa hiyo vioo vya monita zilizokufa usivitupe. Usipime volti za hapo kwa mita yako ya kawaida. Mirija inapowaka huwa kuna mamia ya volti za masafa ya juu, na mita itakufa.

Kuubadilisha mrija ni kazi ya subira. Una unene wa milimita 2 na nusu hivi, na ndani yake kuna zebaki kidogo. Ukivunjika, fungua madirisha, toka nje kwa robo saa, kisha okota vipande kwa karatasi ngumu na tepu. Ufagio utatawanya zebaki. Kwa inchi 17 na kuendelea, ningeshauri uache mirija kabisa na uweke ukanda wa LED uliotengenezwa kwa ajili hiyo, wenye bodi yake ndogo na waya nne: chanya, hasi, ya kuwasha na ya kupunguza mwanga. Unakatwa kwa urefu wa kioo kwenye alama zake, unabandikwa mahali mrija ulipokuwa, na inveta ya zamani unaiondolea umeme.

Transfoma na mirija zikiwa nzima, pima transista za inveta. Kwenye bodi nyingi za inchi 17 na 19 zimeandikwa C5707, na zikifa huunganika na kuchoma fyuzi ndogo iliyo karibu, yenye umbo la rezista. Fyuzi hiyo ikiwa imekatika usiibadilishe peke yake.

Zile zinazozima kwa joto au kwa kuguswa, geuza bodi na utazame kwa kioo cha kukuzia kuzunguka miguu ya transfoma na plagi. Ukiona pete nyembamba nyeusi kama ufa, yeyusha upya kwa risasi mpya na flaksi, ile dawa ya kulehemu. Mwisho kabisa, mwambao wetu huu wa chumvi huozesha vitufe. Kitufe cha kuwashia kikipata kutu ndani hujibonyeza chenyewe, na monita huzima pamoja na kitaa kana kwamba kuna mtu kaigusa. Chomoa waya wa ubao wa vitufe monita ikiwa imewaka, ukishika plagi yake ya plastiki tu. Ikikaa saa nzima bila kuzima, badilisha kitufe hicho.

Kuwasha baada ya matengenezo

Mara ya kwanza usiichomeke moja kwa moja. Ipitishe kwenye balbu ya uzi ya wati 60 iliyofungwa kwa mfululizo na waya wa umeme. Balbu ikimulika mara moja kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna mahali pameunganika, na balbu imekuokolea fyuzi. Ondoa balbu, kisha kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa mfukoni, pima volti za upande wa pili kwa kutumia bamba la chuma kama hasi: njia ya volti 5 isome kati ya 4.9 na 5.2 bila kucheza, na ile ya mirija ibaki imetulia mwanga unapowaka.

Funga kila kitu, fremu pia, kwa sababu monita iliyo wazi haipati joto la kweli. Weka mwanga asilimia 100 na uiache saa 2 ikiwa na ukurasa mweupe. Halafu izime, ipoe usiku mzima, na uiwashe asubuhi ukihesabu sekunde kama ulivyofanya siku ya kwanza. Kabla ya kuifunga, mimi huandika tarehe na thamani za kapasita nilizoweka kwenye kipande cha tepu ya karatasi na kukibandika ndani ya kifuniko cha nyuma, ili atakayeifungua baada yangu ajue zina umri gani.